Runinga Ndani ya Mashua: Kinachoshika Kiko Nyuma ya Ukuta





Leo sina hadithi ya shamba wala ya soko. Nataka nikupeleke Kilifi, kwenye ule mkono wa bahari unaopita chini ya daraja, mahali ambapo mashua za tanga za wageni hutia nanga zikingoja upepo ugeuke. Na nataka tuzungumze juu ya runinga. Ndiyo, umesoma vizuri, runinga. Namna ya kuiondoa iliyoharibika na kufunga nyingine ndani ya chombo kinachosafiri baharini. Usiipite hii ukasema si yako kwa sababu huna mashua. Nyumbani kwako pia kuna vitu vimetundikwa ukutani, na siku moja nyumba itainama.

Wengi wenu mnajua kwamba kabla sijaenda chuo cha Biblia nilikuwa fundi wa redio na runinga. Hata leo ukinipa bisibisi sioni haya. Mtume Paulo alihubiri na mahema alishona. Basi kijana mmoja wa kanisa letu, ambaye siku hizi anajitafutia riziki kwa kazi za umeme kwenye boti, alinipigia simu akasema, "Pasta, nimepata kazi yangu ya kwanza ya peke yangu. Njoo tu usimame kando yangu." Nikaenda. Mpendwa, kazi ya kwanza ndiyo inayokutengenezea jina. Na pale majini watu wote wanajuana. Ukiharibu mashua moja asubuhi, jioni mashua kumi zimesikia.

Wenye chombo walikuwa mzee na mkewe, wote wawili wamepita miaka 60. Mashua yao ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, na hiyo ndiyo nyumba yao. Hawana nyingine. Walikuwa wamepanda kutoka kusini wakisukumwa na kusi, na sasa walikuwa wakingoja kaskazi ianze mwisho wa mwaka iwateremshe Zanzibar na kisha Madagascar.

Sasa utaniuliza, runinga ya nini baharini? Mtu amekwenda kuona maumbile ya Mungu, anabeba runinga?

Hata mimi niliuliza. Mama yule akanieleza vizuri. Wakiwa safarini wako wawili tu, na chombo hakilali. Mmoja akishika zamu saa tatu au nne, mwenzake analala. Halafu wanabadilishana. Wanaonana pale kwenye kupokezana, mmoja ana usingizi na mwingine ndiyo kwanza anaamka. Wanaweza kusafiri siku kumi, mke na mume ndani ya nyumba ya mita 12, na wasikae pamoja saa nzima. Kwa hiyo wakifika mahali pa kutia nanga, jioni wanapika, wanakaa kiti kimoja, wanatazama filamu kutoka kwenye flashi kwa saa mbili. Hiyo ndiyo sebule yao. Ndipo wanapokuwa tena mke na mume na si walinzi wa zamu.

Umeona? Kitu ambacho wewe unakiita anasa, kwa mwenzako kinaweza kuwa meza ya familia. Tusiharakishe kuhukumu.

Lakini kulikuwa na tatizo. Runinga ya zamani ilikuwa imeanguka. Na haikuanguka mchana wakiwa bandarini. Ilianguka usiku, bahari imechafuka, chombo kikigeuzwa kutoka upande mmoja wa upepo kwenda upande wa pili. Ilitoka ukutani na braketi yake yote, ikaangukia kiti kirefu ambacho mama alikuwa akilala. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa ameinuka kuchemsha maji ya chai.

Tangu usiku ule hakulala tena upande ule. Na alikuwa amemwambia mumewe waziwazi: "Ukifunga nyingine, mimi nitapanda ndege. Tutakutana Madagascar."

Kwa hiyo tulipopanda mashua ile hatukuitiwa runinga tu. Tuliitwa kujibu swali la mama mmoja: je, ninaweza kulala chini ya kitu ambacho mume wangu ametundika?

Mzee naye alikuwa na jibu lake. Alitaka runinga kubwa, inchi 43, na inveta kubwa ya kuiendesha. Pesa alikuwa nazo tayari. Nilimtazama nikatabasamu moyoni, maana nimekaa na wanandoa wengi ofisini. Mwanamume akikosa katika jambo dogo, mara nyingi anataka kulipa kwa kitu kikubwa. Mke anasema, "Sina amani." Mume anajibu, "Nitakununulia kubwa zaidi."

Kijana wetu hakubishana naye. Aliomba tochi, akaenda kwenye ukuta pale runinga ilipokuwa, akapiga magoti kitini, akatazama matundu manne yaliyobaki.

Wapendwa, matundu yale yalikuwa mahubiri.

Yule aliyeifunga zamani alikuwa ametumia skrubu za mbao za sentimita 2. Ubao wenyewe ulikuwa plaiwudi nyembamba ya milimita 9, ile ya kupamba tu. Fanya hesabu. Zaidi ya nusu ya kila skrubu ilikuwa imeshika hewa. Kutoka mbele huwezi kujua. Kutoka mbele kila kitu kilikuwa kinang'aa. Na matundu hayakuwa ya duara. Yalikuwa yamerefuka kama punje ya mchele. Maana yake ni kwamba skrubu zilikuwa zikicheza kwa muda mrefu kabla ya usiku ule.

Braketi nayo ilikuwa ya aina ya mkono mrefu unaovutwa nje, na haikuwa na pini ya kuufunga. Sasa elewa kazi ya upepo. Mashua ya tanga haisafiri ikiwa imesimama wima. Upepo ukijaa tangani, chombo kinalala upande na kinakaa hivyo kwa saa nyingi. Kikilala digrii 30, nusu ya uzito wa kitu ulichotundika inavuta kuelekea pembeni. Kikigeuzwa, inavuta upande wa pili. Na chombo kikidondoka kutoka mgongoni mwa wimbi na kutua chini, kwa kitambo kidogo kila kitu kinakuwa kizito kuliko kilivyo. Mkono ule mrefu ukaongeza nguvu, kama vile wenzo mrefu unavyoinua jiwe kirahisi. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Siku baada ya siku, huku watu wanapita chini yake wakisema Mungu ni mwema.

Dhoruba haikuing'oa runinga ile. Dhoruba ilimalizia tu kazi iliyoanza siku ya kwanza.

Andika hilo mahali. Ndoa haivunjwi na ugomvi wa mwisho. Biashara haiangushwi na mwezi mmoja mbaya. Ukitazama matundu utakuta yalianza kurefuka zamani, hali ya hewa ikiwa nzuri.

Baada ya hapo kijana akatoa utepe wa kupimia. Runinga ya inchi 43 ina upana wa karibu sentimita 97. Nafasi iliyokuwepo ukutani ilikuwa sentimita 62. Ile kubwa ingeziba mlango wa chumba cha mbele, na ndani ya chumba kile juu kuna dirisha la dari, ambalo ndilo njia ya kutokea moto ukiwaka upande wa jikoni. Inchi 32 nayo inakaribia sentimita 73. Haiingii. Inchi 24 ina kama sentimita 55. Hiyo inaingia na inabaki nafasi ya hewa pande zote mbili, maana runinga inahitaji kupumua, hasa mahali penye joto na chumvi kama baharini.

Kisha akaja kwenye umeme. Hapa nataka unisikilize polepole, hata kama hukusoma fizikia.

Betri hupimwa kwa ampea-saa, kama tangi linavyopimwa kwa lita. Mashua ile ilikuwa na ampea-saa 200, betri za asidi. Lakini betri za namna hiyo ukizinywesha zaidi ya nusu kila siku unazifupishia maisha, kwa hiyo akiba yao ya kweli ilikuwa 100. Friji peke yake ilikuwa ikinywa kama 50 kwa siku. Bado taa, bado redio, bado vyombo vya kuonyesha njia.

Runinga ya zamani ilikuwa ya kile kizazi cha kioo kinachomulikwa kwa mirija, wati 100 hivi. Tena ilikuwa ikipitia kwenye inveta. Inveta inachukua umeme wa volti 12 wa betri na kuupandisha uwe kama ule wa nyumbani. Halafu runinga, ndani yake, inaushusha tena. Kila mahali unapogeuza umeme unalipa ushuru. Kwa jumla ilikuwa ikila kama ampea 10. Filamu moja ya saa mbili, ampea-saa 20. Sehemu ya tano ya akiba yote, kila jioni.

Unajua kijana alisema nini? Alisema, "Kepteni, runinga unayoihitaji wewe ni ile ambayo shosho yangu anayo kule Ganze."

Mzee akafikiri ni mzaha. Haukuwa mzaha. Hapa kwetu kuna runinga za sola zinazouzwa kwa ajili ya nyumba ambazo nguzo za stima hazijafika. Zinakula volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila inveta. Ile tuliyoipata ilikuwa ya inchi 24, wati 24, yaani ampea 2. Filamu ya saa mbili, ampea-saa 4. Sehemu ya tano ya ulaji wa ile ya kwanza. Na kwa kuwa imetengenezewa soko letu, inashika matangazo yetu ya dijitali kwa antena ya kawaida. Runinga iliyonunuliwa Marekani haiwezi, kwa sababu wao wanatumia mfumo mwingine wa kurusha.

Mimi nilinyamaza, lakini moyo wangu ulisema haleluya. Tajiri amezunguka bahari nusu ya dunia, na dawa yake ilikuwa sebuleni kwa shosho Ganze. Usidharau kilichotengenezwa kwa ajili ya wenye kidogo. Wenye kidogo wamejua kuhesabu.

Sasa angalia kilichokuwa mizani siku ile. Kama kijana angekubali tu, angeuza inveta kubwa, angeuza runinga kubwa, na faida yake ingekuwa mara kadhaa. Mwenye pesa alikuwa ametaka mwenyewe, nani angemlaumu? Kodi ya nyumba ilikuwa imefika, najua, kwa sababu mimi ni mchungaji wake. Lakini alisema ukweli ukampunguzia pesa mbele ya macho yangu. Mama aliyekuwa amekaa kimya wakati wote akainua uso, akauliza swali lake la kwanza: "Na hii mtaifunga wapi?"

Mzee alipapenda mahali pamoja, kando ya ngazi ya kupandia juu, kwa sababu ungeweza kuiona ukiwa popote. Kijana akasema, "Ngoja." Akaishikilia runinga pale kwa mikono, akaniomba nipande nje nitazame dira. Dira ya chombo kile ilikuwa imefungwa upande wa pili wa ukuta uleule. Wapendwa, sindano ilihama mbele ya macho yangu. Digrii 5 hivi. Spika za runinga zina sumaku, na sumaku haijali ukuta.

Digrii 5 ni kitu gani? Kwa kila maili 60 za bahari unazokwenda, digrii moja ya kosa inakupeleka maili 1 kando. Digrii 5 ni maili 5. Kwenye pwani yenye miamba ya matumbawe, maili 5 ni tofauti ya mlango na mwamba. Na hakuna mtu angejua. Runinga ingefanya kazi vizuri, filamu ingekuwa tamu, na dira ingesema uongo kwa sauti ya upole.

Sisemi runinga ni dhambi. Anayenifahamu anajua ninapenda mpira. Nasema hivi: kabla hujakipa kitu mahali nyumbani kwako, tazama kwanza kinafanya nini kwenye dira yako. Simu ile kando ya kitanda. Rafiki yule. Kazi ile ya pembeni. Chenyewe kinaweza kuwa kizuri kabisa. Swali ni umekiweka karibu na nini.

Tukahama. Kulikuwa na ukuta mnene wa milimita 18 unaogawa ukumbi na chumba cha mbele, ukuta unaobeba nguvu za chombo chenyewe, na uko mbali na dira zaidi ya mita 2. Nyuma yake kuna kabati la nguo. Kijana alifungua kabati, akatoa nguo zote, akaingiza kichwa na tochi kuhakikisha hakuna waya wala bomba. Kanuni ni hiyo: hutoboi mahali ambapo hujaona upande wa pili. Na ubavu wa chombo, ule unaogusa bahari, hautobolewi kwa sababu ya runinga hata siku moja.

Alitoboa tundu dogo kwanza, ndipo akapitisha kubwa. Kingo za matundu alizipaka gundi ya kuzuia maji, maana maji yakiingia ndani ya plaiwudi yataiozesha polepole na hutajua. Kisha hakutumia skrubu. Alitumia bolti nne za chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 6, zikapita ukuta mzima mpaka ndani ya kabati. Na kule kabatini, nyuma kabisa, akaweka bamba la alumini, pana kuliko braketi yenyewe, likabeba bolti zote nne pamoja, na nati za kujifunga zisizolegea kwa mtikisiko.

Bamba lile hakuna mgeni atakayeliona. Nguo zimerudishwa mbele yake. Lakini ndilo linaloshika runinga. Skrubu inashika pale tu ilipoingia. Bamba linaugawia ukuta mzima mzigo.

Mpendwa, una bamba? Sikuulizi una skrini ya inchi ngapi. Maisha ya siku hizi yamekuwa ya mbele tu. Picha ya harusi inang'aa, wasifu wa huduma unang'aa, gari linang'aa. Nyuma ya ukuta kuna nini? Kuna maombi ya wawili wakati hakuna anayesikia? Kuna akiba? Kuna mtu mmoja anayejua ukweli wako wote na bado anakushika? Hayo ndiyo mabamba. Yanakaa kabatini, nyuma ya nguo.

Mambo madogo hayakusahauliwa. Waya kutoka kwenye swichi kubwa ulikuwa na urefu wa mita 5, lakini umeme huenda na kurudi, kwa hiyo unahesabu 10. Alitumia waya mnene wa milimita za mraba 2.5, wenye nyuzi za shaba zilizopakwa bati zisiliwe na chumvi. Waya mwembamba ungepoteza umeme njiani. Fyuzi ya ampea 5 aliiweka kule umeme unakotoka, si karibu na runinga, kwa sababu kazi ya kwanza ya fyuzi ni kulinda waya usiwake moto. Na kwa kuwa kibandiko cha nyuma kilisema volti 12 tu, huku sola ikichaji mchana inapandisha hadi 14.4, aliweka kifaa kidogo cha kusawazisha. Njaa inaua runinga, na shibe iliyozidi inaua vilevile.

Nyuma ya runinga kuna matundu manne ya kushikia braketi. Alipima urefu wa kila skrubu kabla ya kukaza, maana ikizidi inatoboa kilichomo ndani. Braketi ilikuwa fupi, inageuka kidogo tu, na ina pini ya kufunga wakati wa safari. Juu yake akaongeza mkanda. Mwisho akawasha redio ya chombo, njia ya 16 ya dharura, na kuiwasha runinga pamoja nayo, asikie kama inaleta kelele. Ilikuwa kimya.

Nilifikiri tumemaliza. Kijana akasema, "Pasta, bado jerikani."

Kabla ya kuiweka runinga kwenye braketi, alijaza jerikani ya lita 20, kilo 20 za maji, akaitundika pale. Runinga yenyewe ilikuwa kilo 3. Akaiacha usiku kucha. Mama alikuwa akiitazama tu. Asubuhi alitwambia kwamba aliamka mara mbili usiku kuitazama. Bado ilikuwa pale. Kijana akapima kwa rula. Haikuwa imeshuka hata kidogo.

Siku ya tatu tukatoka nje ya mlango wa mwamba kuijaribu. Kusi ilikuwa bado haijaisha, mawimbi marefu yanakuja kutoka bahari kuu. Mzee akavuta tanga, chombo kikalala, vikombe vikalia kabatini. Mimi mtu wa bara nilishika nguzo kwa mikono yote miwili na kuomba kwa lugha zote ninazozijua. Chombo kikageuzwa, kikalala upande wa pili. Mara ya tatu kilipogeuzwa, nikamwona mama anashuka ngazi. Akaenda kwenye kile kiti kirefu chini ya ukuta. Akakaa. Akatazama juu kidogo. Kisha akainua miguu, akalala, akafumba macho.

Hakuna aliyesema neno. Kijana wetu aligeuza uso akajifanya anakusanya vifaa. Niliona machozi, lakini hayo ni yake.

Mwaka mpya ulipoingia kaskazi ilikuwa imekaa vizuri, wakaondoka wote wawili ndani ya chombo kimoja. Hakuna aliyepanda ndege. Baadaye kijana alipata ujumbe kutoka kaskazini mwa Madagascar. Walikuwa wamepigwa usiku mmoja mzima. Kilichoanguka ni birika na kitabu cha mapishi. Runinga iko ukutani.

Mpendwa, sikiliza sasa kama mtu anayekupenda.

Soma Matendo 27 leo. Utaona mabaharia wakifunga chombo kwa kamba dhoruba ikiwa tayari imewashika, wakitupa shehena, na siku ya tatu wakitupa vyombo vya merikebu kwa mikono yao wenyewe. Mungu aliwaokoa wote, ni mwema. Lakini kufunga kamba wakati wa dhoruba ni kazi ngumu sana. Afadhali kufunga wakati maji yametulia.

Basi leo, wakati hewa ni nzuri, tundika jerikani yako. Wewe kijana unayetaka kuoa, mtazame mwenzako akiwa na njaa, akiwa amechelewa, akiwa amekataliwa jambo. Wewe unayeombwa kuwa mdhamini wa mkopo kwenye chama, uliza maswali sasa, kabla hujatia sahihi. Wewe mume ambaye mkeo amesema hana amani, usikimbilie dukani. Chukua tochi, piga magoti, tazama matundu. Muulize alianguka na nini, na alikuwa amelala wapi.

Na wewe fundi, wewe mama wa duka, wewe mwalimu, wewe unayeweza kuuza kikubwa kwa mtu asiyejua: sema ukweli hata ukikupunguzia. Kuna mtu atalala chini ya kazi ya mikono yako.

Bwana akupe bamba nyuma ya ukuta wako. Akusaidie kuhesabu akiba yako bila aibu. Ailinde dira yako na sumaku usizoziona. Na usiku chombo chako kikilala upande, aliyelala ndani ya nyumba yako asiogope kitu ulichokitundika wewe.

Kama neno hili limekugusa, andika Amina, na umtumie mtu mmoja ambaye bahari yake imechafuka wiki hii. Tuonane Jumapili ibadani. Nawapenda.